Shimizi ya Menyu

Mvua ya Tukuyu haina adabu. Haipigi hodi wala haiagi, na ikishaingia huwezi kuitoa mpaka itakapochoka yenyewe. Ambakisye Mwaipyana alikuwa ameisahau, kwa sababu miaka ishirini na mitano alikuwa akiishi Dodoma, ambako mvua ni kitu cha kusimuliwa. Alifika kwa Bi Tulinagwe saa tatu asubuhi, suruali imelowa hadi magotini, mkoba wa ofisi ameukumbatia kifuani. Kabla hajagonga, mlango ukafunguka wenyewe.

“Karibu, shahidi,” ilisema sauti kutoka juu ya kizingiti. “Jifute miguu, sakafu inateleza. Mama ameamka vizuri. Amekunywa uji nusu kikombe, vidonge vya asubuhi amemeza, na amemtukana mmoja tu, ambaye ni mimi.”

Huyo alikuwa Mlezi, na hakuwa mtu. Alikuwa programu iliyokaa ndani ya kompyuta ya mezani pale sebuleni, na kutoka humo alishika jiko, mabomba, milango na kabati la dawa. Kila mzee nchini ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoroka alipewa Mlezi, na mwenye Mlezi aliruhusiwa kuzeekea kwake.

Bi Tulinagwe alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amejifunga kitenge, miguuni soksi za sufu, kila moja na rangi yake. Miaka themanini na mmoja. Safari nzima Ambakisye alikuwa akijiandaa kwa namna atakavyomkuta, na maandalizi yote yakamtoka palepale mlangoni. Alikuwa amekonda mno. Lakini mikono ilikuwa ileile, mipana, vidole vimetulia magotini vikisubiri kazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umechelewa,” alisema yule bibi. “Ule mfereji wa bati pale pembeni unavuja tangu mwaka juzi. Maji yote yanamwagikia ukutani. Ngazi umekuja nayo?”

“Sijaja nayo.”

“Fundi gani wa mifereji anatembea bila ngazi?”

Ambakisye alikuwa amefanya kazi na mwanamke huyu miaka tisa, kwenye meza moja, kiwiko kwa kiwiko. Sasa bibi alimtazama usoni na kuona mtu aliyesahau ngazi. Iliuma, na hakuwa na wa kumlaumu, maana ni yeye aliyekaa miaka yote hiyo bila hata kupiga simu.

Sekela, binti wa Bi Tulinagwe, alitoka jikoni akijifuta mikono kwa upindo wa kanga. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, macho yamekosa usingizi. Alisoma kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa mgeni, akakisoma tena.

“Mwaipyana?” alisema taratibu. “Anko Amba? Si wewe uliyekuwa ukininunulia mandazi pale Mwanjelwa ili nisiguse kompyuta?”

“Ndiye mimi.”

“Wamekutuma wewe?”

“Nilibadilishana zamu na mwenzangu,” alisema Ambakisye, na hakuongeza neno. Shahidi haruhusiwi kumshuhudia mtu anayemfahamu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na bado hajakalia hata kiti.

Alivuta kigoda mpaka mbele ya kompyuta, akafungua mkoba, akatoa kishikwambi chenye fomu. Kisha akasimama na kusema kiapo, kama alivyokisema mara elfu katika nyumba za watu: “Mimi shahidi nitaiangalia menyu ikiwa tupu. Sitaelekeza kidole. Sitafafanua neno. Sitavisha.”

Ofisini kwao kiapo hicho walikuwa wamekifupisha kwa mzaha: anayevisha, huvuliwa. Yaani kazi. Na kweli walishavuliwa wawili.

Siku hizo hakuna aliyekuwa anabofya menyu, ile orodha ya maneno ya kuchagua kwenye kioo, kwa shughuli za kawaida. Mashine zilikisia. Ukikaa tu mbele yake, inajua unataka barua ipi na mwanga kiasi gani, na mara nyingi inapatia. Menyu ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye maamuzi ambayo sheria ilikataza mashine kuyakisia: ndoa, upasuaji, urithi, makazi ya mzee. Hapo ulitakiwa kubofya mwenyewe, kwa mkono wako, kwenye menyu ambayo mfumo umeichora bila pambo lolote, maneno meusi juu ya kijivu. Na ilitakiwa binadamu akae pembeni athibitishe kwamba ilikuwa tupu. Serikali ilijaribu kamera kwanza, ikagundua kuwa kamera nazo zinaweza kuvishwa, zikaonyesha kisichokuwepo.

“Tutafungua ya majaribio kwanza, mama,” alisema. “Hii haihesabiwi.”

Kisanduku cha kijivu kilishuka kutoka juu ya kioo. Kilikuwa na maneno matatu, moja chini ya jingine: Endelea. Badili. Acha.

Ukichagua Endelea, Mlezi anabaki mwaka mwingine. Badili, unapewa Mlezi wa aina nyingine. Acha, Mlezi anazimwa, na mzee asiye na Mlezi hachukuliwi kuwa salama kwake, kwa hiyo gari linakuja kumpeleka Makao, Mbeya mjini, kwenye jengo la ghorofa sita ambako hata madirisha hufunguliwa kwa ratiba. Kwa kuwa uamuzi wenyewe ni mzito, Acha sharti irudiwe mara tatu, mbele ya mashahidi tofauti. Bi Tulinagwe alikuwa ameshaibofya mara mbili. Leo ilikuwa ya tatu, na gari lilishapangwa kwa Ijumaa.

Bibi aliinua mkono, akashika kipanya. Hakusoma. Mshale ulishuka moja kwa moja hadi chini kabisa, ukatua juu ya Acha, na kidole kikabofya bila kusita hata kidogo. Kisha akaegemea kiti, uso umetulia kabisa.

Ambakisye aliijua namna ile ya kushuka.

*

Mwanjelwa, Mbeya mjini, miaka thelathini na kitu iliyopita. Chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, nusu ya fundi cherehani na nusu ya Ambakisye na Bi Tulinagwe, ambaye wakati huo aliitwa Mama Sekela, mpaka wao ukiwa ni pazia. Kwa kuwa kutwa walisikia lugha ya yule fundi, wakaishia kuizungumza. Hawakusema wanabuni mwonekano wa programu. Walisema wanavisha.

Wateja walikuja na vitambaa mkononi. Mwenye duka la dawa alitaka menyu ya programu yake iwe na rangi ya gauni alilovaa kwenye harusi. Kiongozi wa kwaya alitaka kila neno litanguliwe na nota. Mwalimu wa Chunya alitaka kijani cha mahindi machanga, si cha makavu, akaleta na jani ili wasibishane. Dunia haikuwa imeanza kukisia wakati huo. Mtu alishuka kwenye menyu mara mia kwa siku, na kwa nini ashuke mara mia mahali pasipopendeza? Hivyo ndivyo Mama Sekela alivyokuwa akisema. Ambakisye, kijana wa miaka ishirini na minne, alimwamini kwa kila kitu.

Yeye ndiye aliyemfundisha kwamba dirisha la programu ni la mwenye programu, lakini menyu ni ya mfumo wa kompyuta yenyewe. Programu huomba tu: nichoree menyu yenye maneno haya. Mfumo huichora kwa kijivu chake, na haujali upo duka la dawa au kanisani. Ukitaka kuivisha, sharti uuambie mfumo kwamba kila kipengele utakichora mwenyewe. Hapo utakuuliza mambo mawili, kipengele kwa kipengele. Kwanza: kina upana na urefu gani? Kisha: haya, kichore.

“Unaona?” Mama Sekela alikuwa akicheka. “Hata mashine inajua. Pima kwanza, kata baadaye.”

Na kulikuwa na shimizi, mfano wa ile inayovaliwa ndani ya gauni. Chini ya ukanda wa menyu mfumo ulikuwa ukichora mstari mmoja mweupe, mwembamba kuliko uzi, baada ya kila kitu kwisha, na huo haukumuuliza mtu. Uvishe zambarau, uvishe dhahabu, mstari mweupe ulibaki palepale unachungulia chini ya vazi. Mafundi wa miji mingine waliuchukia. Mama Sekela aliubatiza jina na akaupa kazi: ukiugusa kwa kipanya ukashikilia, vazi lote linaanguka na menyu tupu inaonekana ilivyo.

“Shimizi ikichungulia, mtu anajua kuna mwili ndani,” alisema. “Anayetaka kuuona, auone. Nguo si ya kumfungia mtu.”

Kitu kingine chake kilikuwa neno Acha. Programu za wakati ule zilikuwa na neno Ghairi, na wateja waliliogopa. Mama mmoja muuza vitenge aliwahi kulia pale dukani, akiapa kwamba akibofya Ghairi mashine itamghairi yeye. “Mimi nataka tu iachwe kama ilivyo,” alisema. Basi Mama Sekela akaandika Acha, akaiweka chini kabisa, na akafanya hivyo katika kila vazi walilotoa kwa miaka tisa. Wateja wote aliwafundisha sentensi ileile: ukipotea, ukiogopa, shuka mpaka chini, bofya Acha, hakuna kitakachoharibika.

Mwaka wa tisa, siku ya kuzaliwa ya Mama Sekela, Ambakisye alimpa zawadi. Vazi alilishona mwezi mzima kwa siri, akaliita Chai ya Masoko: kijani cha mashamba ya chai ya kwao Masoko, kingo za kahawia, na birika dogo lililofuka mvuke kila mshale ulipopita. Na alikuwa amefanya ambalo hakuna fundi aliyewahi kuliweza. Alikuwa amegundua namna ya kuchora juu ya mstari mweupe baada ya mfumo kuuchora. Shimizi ilikuwa haionekani.

Mama Sekela aliitazama zawadi ile muda mrefu. “Ni nzuri,” alisema. “Ni nzuri kuliko zangu zote. Siipokei mpaka shimizi ionekane.”

Kijana hakukubali. Maneno yakapanda, na mwisho wa wiki akahamia Dar es Salaam, kwa kampuni moja iliyokuwa tayari kuipokea akili yake ikiwa na shimizi iliyofichwa. Kampuni ilikusanya sauti za watu kwa ajili ya mashine zinazozungumza. Ambakisye aliwavishia menyu yenye neno Baadaye, kwa rangi ya samawati ya kutuliza moyo. Chini ya Baadaye, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuona, palikuwa na Kubali: aliyebofya kuahirisha alikuwa ameshatoa sauti yake. Hakuuliza. Baada ya miaka miwili watu wakaanza kusikia sauti za mama zao waliokufa zikitangaza sabuni kwenye stendi za mabasi. Ndipo sheria ya menyu tupu ilipotungwa, na Ambakisye akawa miongoni mwa wa kwanza kuomba kazi ya ushahidi. Hakuna aliyejua kwa nini alikuwa mkali kuliko wenzake wote.

*

“Hataki kwenda Makao,” Sekela alisema jikoni, kwa sauti ya chini, akimmiminia chai. “Anko, nakuapia. Kila asubuhi ananiuliza kama mlango ni wake. Nikisema ni wako, anafurahi. Mwezi uliopita nilimpeleka Mbeya kupima macho, akalia njia nzima akidhani hatutarudi. Lakini akikaa mbele ya hicho kisanduku anabofya Acha. Mashahidi wale wawili waliandika kwamba amebofya kwa utulivu. Kwa utulivu! Mimi ndiye nisiye na utulivu.”

Ambakisye alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaelewa tangu pale kigodani. Bi Tulinagwe hakuwa akiomba kuondoka. Alikuwa mtu aliyepotea, amekalishwa mbele ya sanduku la kijivu asilolifahamu, na alikuwa akifanya alichowafundisha wengine wote: anashuka mpaka chini, mahali salama, anaomba mambo yaachwe kama yalivyo.

Neno lilikuwa lilelile. Serikali ilimaanisha achana nalo. Yeye alimaanisha liache hivyohivyo.

“Huwezi kumwambia?” Sekela aliuliza. “Umwambie tu, mama, hapa Acha maana yake ni hivi?”

“Kufafanua neno ni sawa na kuelekeza. Uamuzi unafutwa, mimi nafukuzwa, na anayekuja baada yangu anaanza pale walipoishia wenzangu.”

“Na nikimwambia mimi?”

“Umeshamwambia mara ngapi?”

Sekela alikuwa ameshamwambia mara hamsini, na kila mara maelezo yalidumu mpaka chai ipoe.

“Basi sina la kufanya,” alisema. “Naangalia tu mama yangu akijifukuza mwenyewe nyumbani kwake kwa neno moja.” Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Ambakisye aliweka kikombe chini. Katika mfuko wa ndani wa koti palikuwa na flashi ya zamani, ya aina ambayo siku hizi ni watoto tu wanaoichezea. Alikuwa amejiambia tangu Dodoma kwamba ameibeba kama kumbukumbu. Mwongo hudanganya wengine mpaka siku anapoanza kujidanganya mwenyewe.

*

Ilimchukua dakika kumi. Mlezi alimuuliza mara moja tu: “Shahidi, unafanya nini?” naye akajibu, “Napima.”

Chai ya Masoko ndiyo vazi pekee lililosalia kati ya yote waliyoshona. Yaliyokuwa ya Mama Sekela yalipotea na mashine zake. Ambakisye aliliamsha kutoka kwenye flashi, akalivisha juu ya menyu ya uamuzi, si ile ya majaribio. Aliandika maneno matatu kwa herufi za zamani, Acha ikiwa chini kabisa. Kisha akafanya kazi aliyoapa hataifanya tena maishani. Chini ya Acha, mahali pasipoonekana, aliunganisha Endelea.

Alijitetea, bila shaka. Safari hii ni kwa wema. Safari hii mwenyewe atapata anachokitaka. Lakini vidole vilikuwa vinakumbuka Dar es Salaam, na vilijua kwamba mshono ulikuwa uleule.

“Mama,” aliita. “Tuko tayari.”

Sekela alimsogeza mama yake. Menyu ikashuka, kijani, kingo za kahawia, na mvuke ukapanda kutoka kwenye birika dogo.

Bi Tulinagwe aliachama. Uso uliokuwa mbali asubuhi nzima ulirudi karibu, kipande kwa kipande, mpaka Sekela akashika mdomo.

“Hee!” alisema bibi. “Angalia. Angalia birika lake.” Alipitisha mshale juu ya maneno, kushuka na kupanda, kushuka na kupanda, mvuke ukifuka kila mara, naye akacheka kicheko cha Mwanjelwa, kile cha nyuma ya pazia. Ambakisye alikuwa hajakisikia tangu akiwa na nywele nyeusi. Alilazimika kutazama sakafu.

Mshale ukashuka mpaka chini. Ukatua juu ya Acha. Kidole kikainuka.

Kikabaki hewani.

“Shimizi iko wapi?” aliuliza bibi.

Mvua iliendelea kupiga bati.

“Hii ni ya Amba,” alisema, sasa kwa ukali. “Mtoto wa Mwaipyana. Ni nzuri kuliko zangu, nilimwambia. Na nilimwambia siipokei.” Aligeuka kwenye kiti, akamtazama mtu aliyekaa kigodani, nguo zimelowa, kichwa cheupe. “Amba. Umezeeka.”

“Nimezeeka, Mama Sekela.”

“Umeficha nini huko ndani?”

Angeweza kudanganya. Ndani ya saa moja angekuwa amesahauliwa. “Nimeficha neno,” alisema. “Chini ya neno.”

“Bado hujaacha tu!” Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkuta mwanawe mtu mzima bado ananyonya kidole. Kisha akageukia kioo, akapeleka mshale chini ya ukanda wa menyu, mahali ambapo hapakuonekana kitu, na akabofya akashikilia. Ambakisye alikuwa ameuficha mstari, lakini hakuwa ameuondoa, kwa sababu mfumo haukuwahi kumpa mtu ruhusa hiyo. Bibi hakuhitaji kuuona. Mkono wake ulijua ulipo.

Vazi likaanguka. Kijani kikatoweka, birika likatoweka, na ile menyu tupu ya serikali ikabaki imesimama, kijivu, maneno meusi matatu, kila moja juu ya maana yake yenyewe. Chini ya ukanda, uzi mweupe ulichungulia.

“Ndiyo,” alisema Bi Tulinagwe. “Sasa tusome.”

Akasoma kwa sauti, kwa kidole juu ya kioo, kama alivyozoea kukagua kazi ya mwanafunzi. “Endelea. Sawa. Badili. Sawa. Acha.” Akagonga kioo kwa kidole. “Acha nini? Nani kaandika neno hili bila mkia? Niiache ilivyo, au niachane nayo? Mteja atajuaje?” Akamgeukia binti yake. “Wanauliza nini hawa?”

Sekela alimtazama Ambakisye kwa hofu. Sheria ilimzuia shahidi kufafanua. Haikumzuia mtu kumjibu mama yake.

“Wanauliza kama unataka kubaki hapa nyumbani, mama. Na Mlezi.”

“Hapa kwangu?”

“Hapa kwako.”

“Wanauliza swali la kipumbavu namna hiyo, halafu wanaweka maneno yasiyo na mikia.” Alishika kipanya. Mshale ukapanda, taratibu, ukapita Acha, ukapita Badili. Safari hii alikuwa anasoma. Alifika Endelea, akahakikisha kwa kidole cha mkono wa pili, akabofya.

“Asante, mama,” alisema Mlezi kutoka ukutani. “Mwaka mmoja zaidi.”

“Na wewe punguza kelele,” bibi alimjibu.

Sekela alipiga magoti akamkumbatia miguu, akaficha uso kwenye kile kitenge. Ambakisye alibaki amekaa. Alikuwa amekuja kumwokoa mtu, na mtu mwenyewe amejiokoa, na katika kujiokoa amemkamata mwizi.

*

Fomu ya ushahidi ilikuwa na maswali saba. Sita aliyajibu haraka. Je, menyu ilikuwa tupu wakati wa kubofya? Ndiyo, na ilikuwa kweli tupu, uamuzi wa bibi ulisimama na hakuna wa kuutengua. La saba lilikuwa limeshajazwa tayari, kwa kuwa fomu nayo ilizoea kukisia: Je, menyu ilivishwa wakati wowote? Hapana.

Sekela alisoma juu ya bega lake. “Si umeshafika mwisho? Tia sahihi, anko. Nani atajua?”

Hakuna ambaye angejua. Flashi ilikuwa mfukoni. Bi Tulinagwe alikuwa ameshageukia dirisha, uso wake ukirudi mbali polepole, na kabla ya adhuhuri asingekumbuka birika wala mvuke. Angeliacha lile Hapana kama lilivyo, angerudi Dodoma, angestaafu salama baada ya miaka mitatu. Ingekuwa safi kabisa. Hata uzi usingeonekana.

Alifuta Hapana. Akaandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa kidogo kuliko kawaida: Ilivishwa na mimi. Aliyeivua ni mwenyewe.

Akatia sahihi, akatuma, akavua kitambulisho shingoni na kukiweka ndani ya mkoba. Moyo ulimuuma na ulikuwa mwepesi, vyote kwa pamoja, na hakujaribu kuvitenganisha.

“Wewe,” aliita bibi kutoka dirishani. Macho yake yalikuwa yameshamsahau. “Fundi. Bado umekaa tu? Maji yanaharibu ukuta wangu.”

Ambakisye alitazama nje. Pale pembeni ya nyumba maji yalikuwa yakimwagika kweli kutoka kwenye bati, yamechora alama ya kijani hadi chini ya dirisha.

“Sekela,” alisema, akivua koti lililolowa. “Jirani yenu ana ngazi?”